Mnada Unapokwisha, Hesabu Madebe ya Nyumbani

  Mwezi huu katika ukurasa wetu tuzungumze juu ya mnada. Msimu wake unakwisha sasa, na siku hizi za mwisho, ambazo wengi huziona kuwa hazina maana tena, ndizo zinazoamua jinsi nyumba nyingi zitakavyoishi mpaka mavuno mengine.

Maneno haya yanawahusu hasa akina mama wa mikoa ya kati, Dodoma na Singida, ambako mvua ni ya msimu mmoja. Wenzetu wa Kilimanjaro au Tanga wakikosa masika hungojea vuli. Mkulima wa Kongwa, Bahi, Chamwino au Manyoni hana mvua ya pili ya kungojea. Mvua yake huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na ifikapo Aprili imekwisha. Alichovuna ndicho hicho, nacho hakina budi kumfikisha mwaka ujao. Lakini hata wewe unayekaa mahali penye mvua mbili, au mjini, usiruke ukurasa huu. Utaona kwamba una sehemu yako.

Msimu unavyokwisha

Kila anayeishi kijijini anaijua hali ya mnada wa Juni na Julai. Malori huja tangu alfajiri. Magunia ya mahindi, mtama, uwele, karanga na alizeti hupangwa hadi njiani. Kuna ng'ombe na mbuzi, kuna mitumba, kuna nyama ya kuchoma, kuna vyombo vya plastiki vya kila rangi. Akina mama wamepanga mafungu ya viazi vitamu, choroko, njugu mawe, ubuyu na mlenda mkavu. Fedha inazunguka mikononi, na kila mtu anaonekana kuwa nayo.

Ifikapo Septemba na Oktoba mambo hubadilika. Malori ni machache. Mahali palipokuwa na magunia sasa kuna madebe, na palipokuwa na madebe kuna visado. Lakini mnunuzi hajaondoka. Sasa haketi mnadani kungojea, anapita mwenyewe nyumba kwa nyumba akiuliza, "Mama, hamjabakiza hata gunia moja?" Bei anayotaja ni nzuri kuliko ile ya Juni, na noti anazo mkononi. Nafaka hiyo itasafirishwa mbali. Nyingine itapitia soko kubwa la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa, kando ya barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, na kutoka hapo kwenda Dar es Salaam na hata nje ya nchi.

Mfanyabiashara huyo si mwizi, na kazi yake ni halali. Watu wa mjini nao wanakula kwa sababu yake. Lakini yeye anajua jambo ambalo baadhi yetu hulisahau mnadani: anajua nafaka hiyo itauzwa kwa bei gani Februari.

Debe la mwisho ndilo la thamani

Hebu tufuate safari ya debe moja. Chukua mfano wa mama mwenye watoto wanne, aliyevuna kiasi cha kutosha. Mwezi wa sita waliuza magunia kadhaa ili kulipa madeni ya pembejeo na kununua nguo. Mwezi wa nane waliuza tena kwa ajili ya harusi ya ndugu. Sasa ni Oktoba, kuna mchango mwingine, na mnunuzi yuko mlangoni. Anajisemea, "Niuze haya yaliyobaki, mbele ya safari Mungu atajua."

Desemba mvua inanyesha. Chakula kinakwisha katikati ya Januari. Bei ya debe sasa imepanda sana, na miaka mingine huwa maradufu ya ile aliyouzia. Fedha ya Oktoba imekwisha. Je, mama huyu atafanya nini? Atachukua jembe na kwenda kulima kibarua katika shamba la mwenye chakula, ili jioni arudi na visado viwili vya mahindi.

Tazama sasa mwezi ni upi. Januari na Februari ndiyo miezi ya palizi. Siku anayopalilia shamba la mwenzake, shamba lake mwenyewe linaota magugu. Akirudi amechoka, watoto wana njaa, na kuni hakuna. Mei ikifika atavuna nusu ya kile ambacho angevuna. Kwa hiyo mwaka unaofuata chakula kitakwisha mapema zaidi, labda Desemba. Hivyo ndivyo nyumba yenye ardhi, yenye nguvu na yenye watu wachapakazi inavyozama katika umaskini mwaka hata mwaka, na watu wakasema wamelogwa, kumbe ni debe la Oktoba.

Ndiyo sababu nasema kwamba debe la mwisho ndilo la thamani kuliko yote. Debe la Juni ni biashara. Debe la Oktoba ni nguvu yako ya kulima. Ukiliuza, umeuza palizi yako, na ukiuza palizi yako umeuza mavuno yajayo.

Wazee wa Ugogo wanalijua hili kwa uchungu. Kati ya 1917 na 1920 nchi yao ilipigwa na njaa kubwa waliyoiita Mtunya. Ilikuwa vita ya kwanza ya dunia. Majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalichukua ng'ombe na nafaka za watu, yakachukua na wanaume kuwa wapagazi. Kisha mvua zikakosekana. Watu walikufa kwa maelfu. Ukame waliwahi kuuona kabla ya hapo, lakini safari hii uliwakuta ghala zikiwa tupu na mazizi yamepungua. Wao walinyang'anywa kwa bunduki. Je, si jambo la kusikitisha sisi kulitoa ghala letu wenyewe, kwa hiari, na kumwambia mnunuzi asante?

Keti na baba watoto mfanye hesabu

Katika nyumba nyingi magunia ni ya baba na visado ni vya mama. Baba huuza kwa gunia bila kumwambia mama, na mama huchota kisado kimoja kimoja na kuuza bila kumwambia baba. Kila mmoja anadhani bado kuna akiba, na kila mmoja anamwona mwenzake kuwa ndiye mharibifu. Januari ndipo ugomvi huanza. Mama mwenzangu, ugomvi wa Januari dawa yake ni mazungumzo ya Septemba.

Chagua jioni tulivu. Baba watoto akisha kula na kupumzika, mwambie kwa heshima, "Baba Fulani, naomba tuhesabu chakula chetu pamoja kabla msimu haujafungwa." Usianze kwa lawama za yaliyouzwa. Anza na kilichopo. Wanaume wengi hupenda hesabu inayoeleweka kuliko malalamiko.

Hesabu yenyewe si ngumu. Pima unga unaopika kwa siku. Tuseme ni kilo 2. Kuanzia 1 Oktoba mpaka 30 Aprili ni siku 212. Zidisha: ni kilo 424. Hapo hujahesabu wageni, msiba, uji wa mtoto, pumba zinazotoka mkikoboa, na sehemu itakayoliwa na wadudu. Kwa hiyo nyumba hiyo isikose magunia matano ya kilo 100. Ninyi fanyeni kwa kipimo chenu, maana nyumba ya watu wanne si sawa na nyumba ya watu tisa. Mkisha pata idadi, andikeni kwenye daftari na mpange magunia hayo upande wake. Hayo si ya kuuza. Yanayozidi ndiyo ya mnada.

Kisha andikeni mahitaji ya fedha yanayojulikana. Januari haiji kwa ghafla. Kila mwaka iko pale pale. Ada ilifutwa katika shule za serikali, kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu na madaftari bado ni juu yetu. Jiulizeni: Je, mahitaji hayo yanaweza kutoka kwenye kuku, mbuzi mmoja, alizeti, karanga, au mkopo mdogo wa kikundi cha VICOBA, badala ya kutoka kwenye unga wa watoto? Mbuzi hauzwi kwa furaha, lakini mbuzi akiuzwa nyumba haikosi ugali.

Neno la Mungu linatupa mfano mzuri. Katika 2 Wafalme 4:1-7 tunasoma habari za mjane aliyekuwa na deni, na wanawe wakawa karibu kuchukuliwa kuwa watumwa. Mafuta yalipoongezeka, Elisha alimwagiza auze, alipe deni lake, kisha yeye na wanawe waishi kwa yale yatakayosalia. Angalia kwamba nabii hakuishia kwenye kuuza na kulipa. Aliwakumbuka watoto watakaoishi kesho. Yusufu naye, katika Mwanzo 41, hakungoja miaka ya njaa ndipo aanze kuweka. Aliweka sehemu ya tano ya mavuno wakati nchi imeshiba.

Wako watakaosema kwamba kuweka akiba ni kukosa imani. La hasha! Yule tajiri mpumbavu wa Luka 12 hakuhukumiwa kwa kuwa na ghala. Alihukumiwa kwa sababu alijiwekea nafsi yake tu, akamsahau Mungu. Na Mithali 11:26 inamwonya mtu anayeficha nafaka wakati watu wanaitafuta. Kulisha watoto wako mpaka mavuno si kuficha nafaka. Ni wajibu ambao Bwana amekupa.

Akiba haiozi, ikiwa kavu

Wahenga walisema akiba haiozi. Walisema kweli kwa habari ya busara, lakini mahindi mabichi huoza. Hakuna faida ya kukataa fedha ya mnunuzi kisha ukawaachia chakula chako fukusi na ukungu.

Jambo la kwanza ni ukavu. Usiamini meno peke yake. Kuna njia rahisi ya kupima nyumbani. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye mfuniko. Tia mahindi yafike kama theluthi ya chupa, kisha vijiko vichache vya chumvi iliyokaushwa vizuri juani. Funga, tikisa kwa dakika chache, halafu acha ikae robo saa. Chumvi ikigandia pembeni mwa chupa, mahindi yako bado yana unyevu; yaanike tena. Chumvi ikianguka chini bila kuganda, yamekauka. Hata hivyo, kama utayatia katika mifuko isiyopitisha hewa, yaongezee siku moja au mbili za jua. Anika juu ya turubai au mkeka, kamwe si juu ya udongo mtupu.

Jambo la pili ni dumuzi. Mdudu huyu hakuwa wa kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kati, akatambuliwa katika mkoa wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo ameenea katika nchi nyingi za Afrika. Yeye hugeuza mahindi kuwa vumbi, na hupenda pia mihogo mikavu. Wengi sasa hutumia mifuko ya tabaka tatu: miwili ya ndani ni ya plastiki nzito, na wa nje ni kiroba cha kawaida. Jaza mfuko wa ndani kabisa, toa hewa kwa kuukandamiza, sokota mdomo, ukunje na kuufunga kwa kamba. Fanya hivyo kwa wa pili, kisha wa nje. Wadudu waliomo hufa kwa kukosa hewa, na hakuna haja ya dawa. Uweke juu ya mbao, mbali na ukuta na panya, wala usiufungue ovyo.

Ukitumia dawa ya vumbi, iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kuhifadhi nafaka, na ngoja siku zote zilizoandikwa kabla ya kula. Usithubutu kutia dawa ya pamba au ya kunyunyizia mboga kwenye chakula. Nyumba imewahi kuangamia kwa namna hiyo.

Jambo la tatu ni ukungu, na hapa naomba usome polepole. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu waliugua ghafla, macho yakawa ya manjano na matumbo yakavimba. Waliohesabiwa walikuwa wagonjwa 68, na 20 kati yao walifariki. Wataalamu walikuta sumu inayoitwa aflatoksini, inayotokana na ukungu katika mahindi. Kule Kenya, mwaka 2004, ugonjwa huo huo uliua watu 125 katika sehemu za Ukambani na jirani zake.

Sumu hiyo haionekani wala haina ladha. Kupika hakuiondoi, hata uji uchemke kutwa. Hupenda mahindi na karanga, yaani vitu vile vile tunavyochanganya katika uji wa lishe wa mtoto. Kwa hiyo chambua kwa mkono kabla ya kupeleka mashineni. Toa punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizotobolewa. Chambua karanga zaidi, na zile zilizosinyaa tupa. Usiseme, "Hizi mbovu nitawapa kuku," au "Nitampa ng'ombe," au "Zitafaa kwa pombe." Ng'ombe akila, sumu huingia hata katika maziwa yake, na maziwa hayo atakunywa mwanao. Zifukie.

Pia usiupeleke uchafu huo mnadani. Jambo ambalo hutaki liingie katika sufuria yako lisiingie katika kisado cha mwenzako. Nabii Amosi, katika sura ya 8, aliwakemea wafanyabiashara waliouza takataka za ngano kwa maskini. Maneno yake yanatuhusu.

Mboga na mbegu

Wakati nafaka inahesabiwa, tusisahau kinachokwenda pamoja na ugali. Mnada ukikaribia kwisha, majani ya kunde, mlenda na kisamvu huwa ya kutafuta. Mama zetu wa Ugogo ni hodari wa kukausha mboga, na elimu hiyo isipotee kwa sababu tu binti zetu wamesoma. Kama bado kuna mboga mbichi bustanini au mtoni, zichukue, zioshe, zitie katika maji yanayochemka kwa dakika chache, kisha zitandaze mahali penye kivuli na upepo, zikiwa zimefunikwa kwa kitambaa chepesi kuzuia inzi na vumbi. Jua kali huharibu vitamini A, na vitamini hiyo ndiyo inayolinda macho ya watoto. Zikikauka, zihifadhi katika debe au chombo chenye mfuniko. Karanga kidogo zilizotwangwa zikiingia humo, Februari yako haitakuwa ya ugali na chumvi.

Kisha kuna mbegu. Kabla ya lolote lingine kuuzwa au kuliwa, tenga mbegu. Chagua masuke makubwa ya mtama na uwele, yenye afya, uyaning'inize juu ya jiko ambako moshi utayalinda. Kunde, choroko na karanga za mbegu zikae katika chombo chake, kimefungwa na kuandikwa. Na hapa niseme neno moja: usidharau mtama na uwele. Watoto wanapenda sembe nyeupe, hilo najua. Lakini katika nchi yenye mvua haba, mahindi hukauka upesi, na mtama husubiri mvua. Shamba lenye vyote viwili halimwachi mwenyewe mikono mitupu.

Kisado cha haki

Nilisema kwamba hata wewe wa mjini una sehemu yako. Sehemu hiyo ni namna ya kununua na kuuza.

Ninyi mnaouza, angalieni vipimo. Kisado kilichobonyezwa chini, debe lililochongwa upya, jiwe la mizani lisilo sahihi, vyote hivyo ni machukizo kwa Bwana (Mithali 11:1, Mambo ya Walawi 19:35-36). Msikubali pia lumbesa. Gunia linaloshonewa kilemba juu yake linabeba debe moja au zaidi ambalo hulipwi, na sheria ya vipimo ya Tanzania imelikataza. Mama mmoja akikataa peke yake, mnunuzi atamkimbia. Akina mama wa mtaa mzima wakikataa pamoja, wakaomba mizani, mnunuzi atapima. Jambo hili mngeweza kulizungumza katika kikundi chenu cha wanawake kanisani, kabla msimu ujao haujaanza.

Ninyi mnaonunua, tazameni ni nani anayeuza katika siku hizi za mwisho. Wenye magunia wamekwisha ondoka. Waliobaki wameketi juani na mafungu matatu ya viazi au visado viwili vya choroko. Mara nyingi ni bibi anayelea wajukuu, au mjane, na ameleta mnadani kile alichokusudia kula kwa sababu mtoto anahitaji dawa. Anapotaja bei, usimkamue. Shilingi mia mbili utakayopunguza haitakutajirisha, nayo ingemnunulia chumvi. Ukiona ni chakula chake cha mwisho, na una uwezo, mpe fedha ya dawa na umwambie arudi na choroko zake nyumbani. Huko ndiko kununua kwa Kikristo.

Sheria ya Musa iliagiza mwenye shamba asivune pembe zote wala asirudi kuokota masazo. Hayo yalikuwa ya maskini na mgeni (Mambo ya Walawi 19:9-10). Kwa sababu ya sheria hiyo Ruthu na mkwewe Naomi hawakufa njaa Bethlehemu. Na tazama jinsi Boazi alivyofanya. Hakumwita Ruthu mbele ya watu ili ampe kwa majivuno. Aliwaagiza vijana wake waachilie masuke makusudi, na wasimwaibishe. Ruthu akaokota, akarudi nyumbani na chakula na heshima yake pia.

Sisi leo twaweza kufanya vivyo hivyo. Mnada ukifungwa jioni, yako mabaki: viazi vilivyokatwa na jembe, nyanya zilizolainika lakini bado nzuri, majani ya mwisho ya mboga. Badala ya kuyatupa au kuyarudisha kwa mbuzi, mwambie yule mama mwenye shida, taratibu, "Dada, nisaidie kubeba hivi, mimi sina nguvu ya kuvirudisha." Ataelewa, na watoto wake watakula bila kijiji kizima kujua.

Yasipotee hata kidogo

Mwisho, tumtazame Bwana Yesu mwenyewe. Katika Yohana 6 aliwalisha watu elfu tano kwa mikate mitano na samaki wawili. Mtu angedhani kwamba mwenye uwezo huo hana haja ya kuhesabu makombo. Lakini watu waliposhiba, aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia, ili kisipotee kitu. Wakajaza vikapu kumi na viwili.

Mama mwenzangu, yeye aliyeweza kufanya mkate kutoka mikono mitupu alithamini mabaki. Basi sisi ambao hatuwezi kufanya hata punje moja, itakuwaje tuyaone mabaki ya msimu kuwa kitu kidogo? Kukusanya vipande baada ya shibe ni sehemu ya shukrani. Kuomba Januari, "Utupe leo riziki yetu," ni vizuri. Lakini huenda riziki ya Januari imekwisha kujibiwa tangu Juni, na iko pale pembeni mwa nyumba, ikingoja tu isiuzwe.

Mwezi huu, basi, jaribu mambo haya matatu. Kwanza, mfanye hesabu na baba watoto, mwandike idadi ya magunia yasiyouzwa. Pili, pima ukavu na uchambue kwa mkono kila kinachokwenda mashineni. Tatu, siku ya mnada wa mwisho, usirudi nyumbani kabla hujamtafuta mwenye fungu dogo kuliko wote, ukamnunulia kwa bei yake.

Na mnunuzi akija mlangoni, mkaribishe maji ya kunywa, maana ni mgeni. Kisha mwambie kwa upole, "Baba, ya kuuza yamekwisha. Haya ni ya watoto."

Bwana aibariki ghala yako na kazi zote za mikono yako. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.